Msiue kwa Ramli

Vijana wangu mnaohudumia kompyuta za watu kutoka mbali, mliopanga chumba kimoja pale Kahama, au Shinyanga mjini, au Geita, mkaweka meza, kompyuta mbili na laini tatu za simu, nina maneno nanyi. Wateja wenu wametapakaa: huyu yuko Kakola, yule Nyarugusu, mwingine Masumbwe, mwingine Mwadui. Sisi wa zamani kwa kazi hiyo hiyo tulidandia gari, tukala vumbi nusu siku, tukafika kompyuta imeshazimwa na mwenye ufunguo kaenda msibani. Leo mtu anapiga simu, "Fundi, mashine imeganda," nanyi kabla hamjamaliza chai mmeshaingia ndani yake, mmeona kila kinachoendeshwa humo, mmeua mnachotaka kuua, mmetoka. Sina kinyongo na urahisi huo, natamani ningekuwa nao nikiwa na magoti mazima. Kinachonitia hofu ni wepesi wa mikono yenu.

Mwisho wa mwezi mmoja nilikuwa nimekaa na kijana, fundi mzuri tu, msikivu, ana cheti chake. Simu ikaita kutoka ofisi ya mikopo ambayo sitaitaja: mfumo mzito, foleni imefika barazani. Akaingia kwa rimoti, akafungua Task Manager, akapanga orodha kwa matumizi ya kumbukumbu. Juu kabisa ikakaa sqlservr.exe, imeshika gigabaiti sita na ushee kati ya nane. "Mwizi huyu hapa," akasema, na kabla sijaweka kikombe chini alikuwa ameshabonyeza. Kumbukumbu ikashuka, mshale ukaanza kwenda mbio, kijana akanigeukia akitabasamu. Kwenye simu dada wa dirishani akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kaka, mbona mfumo umejifunga? Na nilivyoingiza toka asubuhi viko wapi?"

Sasa sikilizeni kilichotokea, maana hapo ndipo penye somo lote. Ile sqlservr.exe ndiyo hifadhidata yenyewe ya ofisi, SQL Server. Tabia yake ya kuzaliwa nayo ni kuchukua kumbukumbu kadiri inavyoipata na kutoirudisha hadi Windows iidai, kwa sababu inaweka karibu taarifa zinazoulizwa mara kwa mara ili isiende diski kila saa. Gigabaiti sita kwake si wizi. Ukitaka isizidi kiasi fulani, kuna mahali pa kuiwekea kikomo, na hiyo ni kazi ya jioni watu wakishaondoka. Ilipouawa na kuwashwa tena, ilisoma daftari lake la miamala, ikarudisha kila kilichokamilika na kufuta kilichokuwa nusu. Vitabu vya ofisi vilikuwa salama. Ila marejesho ya vikundi ambayo dada alikuwa anayaingiza kwa mkupuo, bado hajahifadhi, yalipotea, na akina mama walioacha biashara zao sokoni wakasubiri pale hadi jua likaanza kushuka wakiambiwa maneno tunayoyajua wote: mfumo unasumbua.

Na mkosaji hasa? Alikuwa chini zaidi kwenye orodha, kimya. Antivirasi iliyopangiwa na mtu fulani, mwaka fulani, ikague diski nzima kila siku saa nne asubuhi. Safu ya diski ilionyesha asilimia 100 muda wote ule, lakini kijana alikuwa amepanga orodha kwa kumbukumbu, basi akaona kumbukumbu. Swali moja tu kwa dada lingetosha: huwa inaanza kuwa nzito saa ngapi? Angemjibu bila kufikiri, maana yeye huteseka nayo kila siku saa ile ile.

Mkoa wetu huu wa Shinyanga unajua gharama ya kuua kwa dhana. Bibi zetu walikatwa mapanga kwa kuwa macho yao ni mekundu, na mpiga ramli chonganishi alishasema jina. Macho yale yalifanywa mekundu na moshi, miaka na miaka ya kupuliza moto wa kuni mbichi na samadi kwenye jiko lisilo na dirisha, katika nchi iliyokatwa miti hadi serikali ikaanzisha mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI mwaka 1986 kuirudishia ngitili zake, yale malisho ya akiba. Yeyote aliyeingia jikoni kwa bibi angekiona chanzo. Silinganishi roho ya mtu na programu, Mungu aniepushe. Nasema juu ya akili inayoona alama moja, ikaipa maana, ikainua mkono. Akili hiyo mmeirithi kama sisi tulivyoirithi, nanyi sasa mmepewa mkono unaofika Bukombe.

Kwa hiyo jifunzeni kwanza nani ni nani kwenye orodha ile. Nimemwona mtu mzima akihangaika kuondoa System Idle Process kwa sababu "inakula asilimia 97". Ile ni hesabu ya prosesa iliyokaa bila kazi, asilimia 97 maana yake mashine imepumzika. Nimeona wengine wanashtuka kukuta svchost.exe sitini. Tangu mwaka 2017 Windows 10, kwenye mashine yenye kumbukumbu inayozidi gigabaiti tatu na nusu, hutenganisha huduma zake nyingi, kila moja kwenye svchost yake, basi wingi huo ni wa kawaida. Ukigusa lsass.exe, mashine itajizima na kuwaka upya ndani ya dakika moja, utake usitake. Lakini jina zuri nalo si hati ya utakaso. Virusi hupenda kujiita svchost. Angalieni inakaa wapi: ya kweli hukaa ndani ya folda ya System32, na mzazi wake ni services.exe. Chukueni Process Explorer, ni ya bure, inaonyesha mzazi wa kila prosesi na sahihi ya aliyeitengeneza. Ukiikuta svchost imejificha kwenye folda ya vitu vya muda, hapo una haki ya kukunja uso.

Na hata ikibidi, kuna kuomba na kuna kukata. Kwenye Windows, taskkill bila /F huiomba programu ifunge yenyewe, nayo hupata nafasi ya kumuuliza mwenyewe kama ahifadhi. Kwenye Linux, kill ya kawaida hupeleka ishara namba 15 na programu hupanga vitu vyake kabla ya kuondoka. Ishara namba 9 haisikilizi mtu. Kuna vijana ambao vidole vyao havijui namba nyingine zaidi ya hiyo 9, na siwaelewi.

Halafu kuna jambo la umbali, ambalo ninyi mliozaliwa na bando hamlipi uzito. Kabla mkongo wa SEACOM haujafika Dar es Salaam Julai 2009, huku kwetu kazi ya mbali ilipitia dishi. Setilaiti ile hukaa kilomita kama 36,000 juu ya ikweta, neno lipande, lishuke, jibu lipande, lishuke: karibu nusu sekunde imekwenda kabla hamjaanza kuhesabu msongamano. Ulibonyeza, ukasubiri, na asiye na subira alibonyeza tena. Sasa fikirini Task Manager iliyopangwa kwa matumizi ya prosesa. Mistari inapanda na kushuka kila sekunde. Unachokiona wewe ni picha ya mstari ulivyokuwa muda uliopita, na kidole chako kitafika kule baadaye. Uliyemlenga ameshashuka, aliyepanda mahali pake ni programu ya mishahara. Mnadhani hayo ni ya enzi za dishi? Jaribuni jioni, mnara umeelemewa na watu wanaotazama mpira. Wapo wanaofanya kazi miaka mingi bila kujua kwamba ukishikilia kitufe cha Ctrl, orodha ya Task Manager husimama palepale hadi ukiachie. Au ipangeni kwa jina, majina hayarukiruki. Andikeni namba ya prosesi, isomeni tena kabla ya kuitumia, kwa sababu prosesi ikifa, namba yake inaweza kupewa nyingine.

Mengine hayamo kwenye orodha kabisa. Kiangazi chetu mnakijua, na vumbi la Geita mnalijua, jekundu, linaingia hata kwenye sukari. Sehemu moja ya kuchenjulia marudio, mchanga wa dhahabu uliokwishaoshwa, waliweka kompyuta ya mizani dirishani, karasha ya kusaga mawe ipo hatua chache tu. Mashine ikawa nzito kuliko uzito wenyewe. Fundi wa mbali akaondoa programu moja baada ya nyingine, akafunga kivinjari, akazima picha za mapambo, kila siku wakimpigia tena. Alama ilikuwa mbele ya macho yake, kwenye ukurasa wa Performance: kasi ya kawaida ya prosesa imeandikwa 2.40 GHz, na kasi ya wakati ule 0.79, haipandi hata kazi ikizidi. Prosesa ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Feni ilikuwa imejaa udongo. Hakuna cha kuua pale. Kilichohitajika ni mtu wa kuzima mashine, kuitoa nje, kuzuia feni kwa kijiti isizunguke ovyo, na kupuliza.

Hayo mtayajuaje mkiwa Kahama? Kwa kuuliza. Mama, weka kiganja chini ya hiyo mashine, ina moto? Feni inalia? Umeme leo umekatika mara ngapi? Maana kuna na hilo la umeme: fungueni Event Viewer, mkikuta tukio namba 41 limejipanga mara kwa mara, mashine inazimika ghafla bila kuagwa, na katika mji wenye umeme wa kupanda na kushuka mshukiwa wangu wa kwanza ni umeme, wa pili ni kile kisanduku cha power ndani ya mashine. Diski ikisoma asilimia 100 huku inapitisha megabaiti moja tu kwa sekunde, huenda inaelekea kufa, na jambo la haraka ni kunakili kazi za watu kabla ya lolote. Muulizeni aliyekaa hapo. Mhudumu wa zahanati au karani wa mizani hajui gigabaiti, lakini anajua mashine yake inavyolia ikiwa na afya, na anajua ilianza lini kubadilika. Wengi wenu mnawakatisha. "Mama, we niachie tu." Mkimwachisha kusema, mmebaki na ramli.

Wenye wateja wengi najua mmefunga programu za kuwaangalizia mashine usiku na mchana. Vizuri. Zabbix haina gharama ya leseni na inafanya mengi. Lakini mtu akiweka kengele moja ya asilimia 80 kwa mashine zote, simu yake italia hadi aizime, na siku ya moto wa kweli atakuwa ameshajizoesha kutosikia. Kila ofisi ina kawaida yake. Wanunuzi kwenye Soko la Dhahabu Geita, lile lililofunguliwa Machi 2019, wana saa zao za pilikapilika, ofisi ya mishahara ina siku zake za mwisho wa mwezi, shule ina wiki zake za kuingiza matokeo. Acheni programu ikusanye kwa mwezi mzima kwanza kabla hamjaiambia lipi ni jambo la kushtukia. Na msilewe wastani. Kipimo cha dakika tano kinaweza kusoma asilimia 30 huku ndani ya dakika hizo kulikuwa na sekunde ishirini za kuganda kabisa, zile zile anazolalamikia mteja nanyi mnamwambia mbona huku tunaona safi.

Lakini rekodi hizo za usiku zina faida moja kubwa ambayo Task Manager haina. Katika ukanda huu ambao kila mtu ana duara lake la dhahabu au la shemeji yake, kuna wachimbaji wengine wasioshika sururu: programu zinazoingizwa kwa siri kwenye kompyuta ya mtu zimchimbie mwingine sarafu za kidijitali, Monero hasa, kwa umeme wa mwenye mashine. Baadhi zina ujanja wa kusimama pindi mtu anapofungua Task Manager, zikaendelea akiifunga. Unaingia, unaona shwari, unatoka. Grafu iliyojichora yenyewe ndiyo itakayowaonyesha prosesa ikikimbia kwa asilimia 90 saa nane usiku katika duka lililofungwa. Na hapo kuua peke yake hakusaidii, itarudi. Tafuteni kwenye Task Scheduler nani anaiamsha, kisha tafuteni ilipitia mlango gani, na mara nyingi mlango wenyewe ni huu wetu: rimoti iliyoachwa wazi kwa intaneti nzima, na neno la siri ambalo ni jina la duka na mwaka.

Hapo nawaomba mnisikilize zaidi kidogo. Chombo kinachowawezesha kuingia kwenye kompyuta arobaini kinamwezesha yeyote atakayekishika kuingia kwenye kompyuta arobaini. Tarehe 2 Julai 2021 wahalifu wa kundi la REvil walipenya kwenye VSA, programu ya kampuni ya Kaseya ya Marekani ambayo mafundi wa mbali hutumia kusimamia mashine za wateja. Hawakuhangaika na mteja mmoja mmoja. Waliwatumia mafundi kama njia, wakafunga mafaili ya biashara zinazokadiriwa kufika 1,500, na kule Sweden maduka ya Coop yapatayo 800 yalifunga milango kwa sababu mashine za kulipia hazikufanya kazi. Kwa hiyo uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti zenu si mapambo. Na wafundisheni wateja kwamba fundi wao hawapigii kwa namba ngeni akiwaomba wafungue programu ya rimoti kama AnyDesk. Wale matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" hawakosi kujifunza mbinu mpya.

Na msisahau njia ya miguu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini na intaneti ikayumba Afrika Mashariki. Kuna programu za rimoti zinazopitisha mazungumzo ya mashine mbili kwenye seva za ng'ambo hata kama mashine hizo zimetenganishwa na barabara moja tu ya Kahama, basi siku hiyo aliyezitegemea hizo tu alikuwa mtazamaji. Miezi miwili baadaye, Julai 19, sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha mashine za Windows milioni 8.5 duniani. Nyingi hazikuweza kuwaka, na isiyowaka haiingiliki kwa mbali. Watu walilazimika kwenda kuziketia moja moja. Muwe na bodaboda mnayemwamini, na kwenye kila ofisi muwe na mtu mmoja mliyemfundisha kuwasha mashine kwa njia ya dharura huku mkimwongoza kwa simu.

Kuna kompyuta ambazo nawakataza waziwazi kuzigusa. Mkipata kazi kwenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu, mtakutana na mashine inayofanana na ya ofisi, Windows ile ile ya zamani, imejaa programu zenye majina msiyoyajua. Hiyo huenda ndiyo inayosoma matangi. Maji ya sianidi yanawekewa chokaa ili pH ikae juu, kumi na zaidi, kwa sababu ikishuka, sianidi inageuka gesi ya sumu. Kioo kinachoonyesha namba iliyoganda ni hatari kuliko kioo kilichozimika, maana kilichozimika kila mtu anakiona. Kwenye mashine ya namna hiyo huui kitu, husasishi kitu, huwashi upya, hata kama ni nzito inatia huruma, mpaka msimamizi wa zamu awe amesimama kando ya mtambo na amesema ndiyo kwa mdomo wake.

La mwisho ni macho yenu. Mkiwa ndani ya mashine ya mtu mnaona mishahara, mnaona vipimo vya mgonjwa, mnaona nani kamwandikia nani. Kahama ni mji wa watu kujuana. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na tangu 2015 Sheria ya Makosa ya Mtandao, ambayo kuna kifungu chake vijana wengi hawajakisoma. Wanajua kuingia bila idhini ni kosa. Hawajui kwamba kubaki ndani baada ya ruhusa kwisha nako ni kosa lenye kifungu chake. Uliruhusiwa kuingia kutengeneza printa mwaka juzi. Mkataba ulikwisha, ofisi ikachukua fundi mwingine, na jina la mashine yao bado liko kwenye orodha yako, linawaka kijani kila asubuhi wakiwasha. Leo jioni, kabla ya kufunga, fungua orodha hiyo, uipitie jina kwa jina, na kila mteja ambaye si wako tena umpigie simu, umwambie akutoe huku ukimsikia akifanya hivyo, kisha nawe ufute upande wako.